Mashine Iliyofunikwa Leso: Barua ya Wazi kuhusu Utafiti wa Kuganda kwa Damu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Afya House. Kwa wakuu wa afya wa Kaunti ya Nairobi. Na kwa wenyeviti wa kamati za maadili ya utafiti zilizo jijini humu.

Waheshimiwa,

Nawaamkia kwa salamu za usiku, kwa sababu usiku ndio saa zangu za kazi. Mimi ni mtaalamu wa maabara. Nimeshika chupa za damu kwa miaka 17 katika hospitali za umma za Nairobi, na ile ninayoitumikia sasa sitaitaja. Woga upo, sitaficha. Nina karo ya watoto wawili. Lakini pia ninayoyaandika yangeweza kutokea katika jengo lolote lenye leba upande mmoja na ofisi ya utafiti upande wa pili.

Katika kona ya maabara yetu, karibu na friji ya sampuli, kuna mashine iliyofunikwa leso. Leso ni yangu. Niliitoa nyumbani nilipoona vumbi limeanza kuikalia ile mashine. Jina la leso mtaniwia radhi nisiliandike, maana mtadhani nililichagua makusudi.

Mashine hiyo hupima namna damu inavyoganda. Ilikuja na utafiti, ikatumika kwa muda wa miezi 20 hivi, utafiti ukaisha, watafiti wakafunga mizigo, nayo ikabaki. Siku ya kuagana tulishukuru sana kwa kuachiwa; kulikuwa na soda na keki, na picha ya pamoja. Kilichosahauliwa ni kwamba mashine hii hula. Kila kipimo kinataka kikombe chake na sindano yake, ambavyo hutumika mara moja na kutupwa, na vitendanishi, yaani kemikali za kipimo, ambavyo huharibika tarehe yake ikifika. Boksi la mwisho lilipokwisha tuliandika ombi. Ombi likajibiwa kwamba kifaa hakimo kwenye orodha ya vifaa vya hospitali, kwa hiyo hakuna fungu la kukilisha. Tangu hapo haijampima mtu.

Naomba mnivumilie nieleze kwanza usiku mmoja wa Aprili, mashine ilipokuwa bado inafanya kazi.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri na barabara ya kuja kazini ilikuwa mto. Kama saa tano usiku simu ya leba ililia. Mama aliyejifungua mtoto wake wa tatu saa moja tu kabla ya hapo alikuwa anatokwa damu bila kukoma. Sista alikuja mbio na chupa ya kifuniko cha bluu mkononi, ameijaza hadi mstarini kama inavyotakiwa. Hilo nililikumbuka baadaye, kwamba katika hofu ile yote aliijaza sawasawa. Chupa ile ina sitreti ya kuzuia damu isigande njiani, na ikijazwa nusu majibu yote huwa uongo.

Kwa mama yule nilifanya vipimo vya aina mbili. Vya kwanza ni vile tulivyozoea, PT na APTT, vinavyopima muda ambao damu huchukua kuanza kuganda. Damu huzungushwa kwenye mashine hadi chembe zishuke chini, plazima ichotwe juu, ndipo ipimwe. Kwa foleni ya usiku ule, majibu yalimfikia daktari baada ya dakika 70. Cha pili kilikuwa cha utafiti. Damu nzima, bila kuzungushwa, moja kwa moja kikombeni. Ndani ya dakika 15 nilikuwa naiona hali ya damu ya yule mama ikijichora mbele yangu kwenye kompyuta.

Na sikuruhusiwa kumwambia mtu.

Mwongozo wa utafiti ulisema hivyo: matokeo ya mashine yahifadhiwe, daktari anayemtibu mgonjwa asiyaone. Ulikuwa utafiti wa kuangalia tu, usioingilia matibabu. Mama alipelekwa thieta, akaongezewa damu na plazima, mwishowe wakaondoa mfuko wa uzazi ili kumwokoa. Alipona. Alikwenda nyumbani na mtoto. Sitasema kwamba karatasi iliyokuwa kwenye faili langu ingemwokolea mfuko wake wa uzazi, kwa kuwa sijui, na hakuna anayejua. Ninachojua ni kwamba karatasi ilikuwepo, na mimi nilikuwepo, na kati yetu na thieta palikuwa na ngazi 22.

Kwa wale kati yenu wasiotoka katika fani hii, nieleze mashine inafanya nini, na nitaeleza kwa ugali.

Anayesonga ugali haangalii saa. Anasikia kwa mkono. Mwanzoni mwiko unapita majini bila kitu. Halafu unaanza kushikwa. Halafu unakuwa mzito haraka au polepole kulingana na unga. Mwishoni mkono unakuambia ugali umeiva au bado ni uji. Akiuacha na maji mengi, hata ukae motoni hadi kesho hautasimama. PT na APTT humwuliza mpishi swali moja tu: mwiko umeanza kushikwa dakika ya ngapi? Saa husimamishwa uzi wa kwanza wa bonge unapotokea. Kama uzi huo utakuwa kamba au utakatika, vipimo hivyo havisemi. Tena vimeondoa chembe nyekundu na chembe sahani, zile ndogo zinazoshikana kuziba jeraha, kabla hata ya kuanza, ilhali chembe sahani ndizo nusu ya kazi yenyewe. PT ilitungwa na Armand Quick huko Marekani mwaka 1935, na imetufaa kwa mengi, hasa kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande. Kwa mtu anayemwaga damu sasa hivi, haikutungwa kwa ajili hiyo.

Mashine yetu ni mwiko. Kikombe kidogo hutiwa damu mililita 0.36, hupashwa hadi nyuzijoto 37, na hugeuka kushoto na kulia kwa pembe isiyofika digrii 5. Katikati imening'inia sindano kwenye waya. Damu ikiwa bado majimaji, sindano haijui kwamba kikombe kinasogea. Bonge likianza kujifunga, hushika sindano na kuivuta pamoja na kikombe, na mvuto huo ndio unaochorwa. Mwaka 1948 Mjerumani Hellmut Hartert, akiwa Heidelberg, ndiye aliyeuanzisha ufundi huu. Mashine za TEG, kama yetu, zimefuata njia yake. Katika ROTEM, aina nyingine ya mashine hizi, kikombe hutulia na sindano ndiyo hugeuka. Zipo mpya zinazotumia katriji na hazihitaji mkono mwingi. Yetu ni ya zamani, ya vikombe, na ina roho nyepesi kiasi kwamba mtu akibamiza mlango mchoro unaruka. Tuliandika mlangoni kwa kalamu nyekundu: FUNGA TARATIBU. Bado pameandikwa.

Ili damu isichukue muda mrefu kuanza, huchanganywa na kaolini, ambayo ni udongo mweupe uliosafishwa. Mwenzangu mmoja alipojua hivyo alicheka akasema basi wajawazito wetu wanaokula udongo wa odowa wameijua sayansi zamani. Haikuwa kweli, lakini usiku huwa mrefu.

Mchoro wa damu inayoganda vizuri hufanana na samaki ngege aliyelala ubavu: mkia mwembamba upande wa kushoto, kisha mwili unapanuka juu na chini. Urefu wa mkia ni muda wa kuanza kuganda. Mteremko wa mgongo ni kasi. Upana wa tumbo ni uimara wa bonge, kwa kawaida milimita 50 hadi 70. Tumbo likipanuka halafu likasinyaa kabla ya wakati, bonge linayeyuka lenyewe, na hapo ndipo dawa ya traneksamiki, inayozuia bonge lisiyeyuke, inapohusika. Mchoro wa usiku ule haukuwa ngege. Ulikuwa omena, yule dagaa mwembamba.

Na jambo linalonifanya niamini vipimo hivi vina maana ni kwamba, mkia ukiwa mrefu, damu inakosa kitu kimoja. Tumbo likiwa jembamba, inakosa kingine. Ipo hata njia ya kuzizima chembe sahani ndani ya kikombe ili kuona faibrinojeni, protini inayotengeneza nyuzi za bonge, peke yake inabeba kiasi gani. Daktari hapo hasemi tena "leteni plazima, leteni chochote". Anasema anachokosa mgonjwa ni hiki. Katika nchi ambako plazima ni ya kuvizia, tofauti hiyo ni kubwa.

Sasa, waheshimiwa, msije mkadhani naomba mnunue mashine kesho. Mawakala wa vifaa wanajua njia ya kuja Afya House bila kuelekezwa na mimi. Nawaomba msinunue, bado, na nitawapa sababu.

Denver, Marekani, mwaka 2016 walitangaza jaribio la majeruhi 111 waliohitaji damu nyingi. Waliotibiwa kwa kufuata mchoro walikufa 11 kati ya 56. Waliotibiwa kwa vipimo vya kawaida walikufa 20 kati ya 55. Nilipoisoma mara ya kwanza niliikata karatasi nikaibandika ukutani. Kisha mwaka 2021 Ulaya ikaleta jaribio kubwa zaidi, ITACTIC, la majeruhi 396, na baada ya saa 24 hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Karatasi ya Denver sikuibandua, lakini niliibandika ya pili kando yake. Kwenye upasuaji wa moyo ushahidi una uzito zaidi: hospitali 12 za Ontario, Kanada, wagonjwa zaidi ya 7,400, na damu iliyotumika ilipungua. Kwa wagonjwa wa ini pia, Waitaliano walionyesha mwaka 2016 kwamba wengi waliokuwa wakiongezewa plazima kabla ya upasuaji mdogo hawakuihitaji kabisa. Uingereza, kupitia NICE, taasisi yao inayopendekeza vipimo na tiba, ilikubali mwaka 2014 vipimo hivi kwa upasuaji wa moyo, ikasema kwa majeruhi na kwa akina mama wanaotokwa damu vibaki kwanza kwenye utafiti.

Kwa ufupi, swali halijafungwa. Na lilipoachwa wazi ndipo hasa sisi tulipo: leba na majeruhi. Sisi hatuna foleni ndefu ya wagonjwa wa kupandikizwa ini. Tuna akina mama, tuna boda boda, tuna waliotolewa Baringo na Turkana kwa ambulensi wakiwa wameumwa na nyoka ambaye sumu yake humaliza faibrinojeni yote mwilini. Wa nyoka hupimwa kwa chupa kavu ya kioo na dakika 20 za kungoja: mililita 2 za damu, iinamishe, kama imebaki maji basi hali ni mbaya. Kipimo hicho hakihitaji stima. Nakiheshimu kuliko mashine nyingi.

Tena mipaka ya kawaida iliyo kwenye kijitabu cha mashine haikutokana na damu ya akina mama wa Pumwani. Hili ni kubwa kuliko linavyosikika. Mtu mzima wa kawaida ana faibrinojeni gramu 2 hadi 4 kwa lita. Mama anayekaribia kujifungua huwa na 4 hadi 6. Mwili hujiwekea akiba. Kwa hiyo mama akitokwa damu hadi akashuka kwenye 2, kijitabu kinasema bado yuko mpakani mwa kawaida, ilhali amepoteza nusu ya akiba yake na zaidi. Wafaransa waliwafuatilia akina mama 128 na kutangaza mwaka 2007 kwamba kila aliyekuwa na gramu 2 au chini yake mapema, aliishia kwenye hali mbaya. Kila mmoja.

Halafu kuna upungufu wa damu, ambao katika wadi zetu ni jambo la kila siku. Damu yenye chembe nyekundu chache huchora tumbo nono kuliko ukweli. Yaani mashine inaweza kuchora ngege kwa mtu ambaye ndani yake mna omena. Mgonjwa wa selimundu mchoro wake usomwe vipi? Mama anayetumia dawa za HIV? Mwenye malaria? Na mashine hupasha damu hadi 37 hata kama majeruhi mwenyewe ameletwa akiwa baridi kama samaki wa friji, kwa hiyo baridi inayomzuia kuganda haionekani kikombeni. Aspirini nayo haioni. Maswali haya hayatajibiwa Denver. Wala sioni kwa nini yangojee mgeni aje kuyauliza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wetu alikuja. Sampuli zetu zilihesabiwa, takwimu zikasafiri, na bila shaka siku moja nitaona mchoro wa yule mama kwenye jarida, namba bila jina, kama inavyotakiwa. Wenyeji tuna leso.

Narudi kwenye lile karatasi la usiku wa Aprili, kwa kuwa hapa ndipo nawahitaji wenyeviti wa kamati za maadili hasa.

Naelewa kwa nini matokeo yalifichwa. Kipimo ambacho hakijathibitishwa kikianza kuongoza matibabu katikati ya utafiti, mwishoni hutajua kilichosaidia ni nini. Daktari anaweza pia kupotoshwa na mchoro asiouzoea. Hoja hiyo si ya kijinga na watafiti waliniambia kwa upole. Lakini sisi wa maabara tuna sheria ya zamani kuliko utafiti wowote: jibu la hatari halilali. Potasiamu ikivuka kiasi, hata saa tisa usiku, nampigia daktari, naandika saa na jina la aliyepokea. Himoglobini ikiwa 4, vivyo hivyo. ISO 15189, kanuni ya kimataifa ya ubora ambayo maabara zetu hukaguliwa kwayo, inatulazimisha. Nikiwa na chupa ya mgonjwa yuleyule katika mikono yote miwili, ule wa kulia una wajibu wa kupiga simu na wa kushoto umekatazwa. Nilimwuliza msimamizi wa utafiti siku iliyofuata. Akasema mwongozo umeshapitishwa, kuubadilisha ni kurudi kwenye kamati, na kurudi kwenye kamati ni miezi.

Ombi langu basi ni kwamba kila utafiti wa kuangalia utakaoletwa kwenu, unaopima kitu ambacho kinaweza kuashiria mtu anakufa, uwe na mstari. Chini ya mstari huo, siri inavunjwa, daktari anapigiwa simu, na mgonjwa huyo anaandikwa hivyo kwenye takwimu. Mstari uwe chini sana, ili usiharibu utafiti. Watakaouvuka watakuwa wachache. Wataalamu wa takwimu wanajua namna ya kuwahesabu. Nimewauliza wawili, wote wawili walisema hilo si tatizo lao kubwa la wiki.

Kuhusu idhini nitasema kidogo tu. Yule mama hakuweza kusaini. Alikuwa nusu macho. Mumewe alisaini kwenye korido, karatasi ya kurasa nyingi, kwa kalamu ya mlinzi. Ilikuwepo nakala ya Kiswahili. Nakala hiyo ilisema damu ya mkewe itapimwa "mnato na unyumbufu". Mimi ni mtu wa fani na nilisoma mara mbili. Mngeandika tu kwamba tutaangalia kama damu yake inashika au haishiki. Hakuandikiwa popote kwamba jibu likiwa baya hataambiwa mtu. Namfikiria sana yule bwana. Alinishukuru.

Ombi la pili linahusu leso. Azimio la Helsinki la maadili ya utafiti wa tiba, ambalo kila mwombaji hulitaja ukurasa wa kwanza, linataka mipango ya baada ya jaribio ifanywe kabla jaribio halijaanza, kwa wale ambao bado watahitaji kilichoonekana kuwafaa. Najua mtasema utafiti wa kuangalia haukuahidi faida yoyote. Sawa. Basi kamati ziulize maswali matatu rahisi kabla ya kupiga muhuri: mashine itabaki au itaondoka, ikibaki, nani atanunua vitendanishi vya miaka 2 ya kwanza, na nani kati ya wafanyakazi wa kudumu, si wa mkataba wa utafiti, amefundishwa kuiendesha. Mashine ikiwa inaondoka, iondoke. Afadhali kona tupu. Mimi nilifundishwa kwa bahati tu, kwa sababu kijana wa utafiti hakupenda zamu za usiku.

La tatu ni pesa, na ni pesa kidogo. Ili kujua mipaka ya kawaida ya kundi fulani, desturi ya maabara duniani ni kupima watu wasiopungua 120 wenye afya wa kundi hilo. Watu 120 wasio wajawazito. Wajawazito 120 wa miezi ya mwisho. Kwa hospitali za uzazi za Nairobi hilo si tatizo la kutafuta watu. Tatizo ni vikombe. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti na kuuahidi asilimia 2 ya pato la taifa. Mnajua wenyewe tumefika wapi. Siombi asilimia, naomba vikombe 240 na vitendanishi vyake, mtafiti Mkenya atakayeandika jina lake la kwanza kwenye karatasi, na KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, au chuo chetu chochote kishike usukani. Kazi hiyo ikifanyika mara moja jijini, kila hospitali itakayokuja kununua mashine ya aina ile itaitumia.

Na mtu asiniambie kwamba utafiti wa kutokwa damu ni anasa ya nchi tajiri. Jaribio la WOMAN lililotangazwa mwaka 2017 liliwapima akina mama 20,060 katika nchi 21, Kenya ikiwemo, likaonyesha kwamba traneksamiki ikitolewa ndani ya saa 3 inapunguza vifo vya kutokwa damu. E-MOTIVE, mwaka 2023, ilifanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, zaidi ya akina mama 200,000. Silaha yake ya kwanza ilikuwa karatasi ya plastiki yenye mistari, inayowekwa chini ya mama ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho, pamoja na tiba zote kutolewa kwa mkupuo bila kungojana. Hali mbaya zilipungua kwa asilimia 60. Maswali yaliulizwa kwenye wadi zetu na majibu yakabaki kwenye wadi zetu. Kila leba ikiwa na plastiki hiyo, na traneksamiki kabatini, mama wengi hawatafika kwenye mashine yangu kabisa. Hilo litangulie. Mimi nasema juu ya wale watakaofika.

Kwenu wa Kaunti, ambao tangu ugatuzi mmeshika funguo za hospitali nyingi za jiji hili, nina neno moja lisilopendeza. Hata mashine ingewashwa kesho na kuniambia "faibrinojeni", ningepiga simu benki ya damu kuomba krayo, na mara nyingi ningeambiwa haipo. Krayo, ile sehemu yenye faibrinojeni nyingi, hutengenezwa kutoka plazima, plazima hutengenezwa kwa kutenganisha damu, na damu kwanza lazima iwepo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba nchi inahitaji chupa za damu sawa na asilimia 1 ya watu wake. Sensa ya 2019 ilituhesabu milioni 47.6, hesabu hiyo fanyeni wenyewe. Chembe sahani nazo hudumu siku 5 tu, zikitikiswa muda wote. Kwa hiyo utafiti wowote wa kuganda kwa damu utakaokuja Nairobi bila kumleta mtu wa benki ya damu mezani siku ya kwanza utakuwa unapima kiu kwenye nyumba isiyo na mtungi. Mtu huyo aketi mbele, asiitwe kuja kula keki.

Nitakuwa zamu wiki hii Jumatatu hadi Alhamisi. Yeyote kati yenu akipita, aulize mlinzi maabara ya damu. Mlango una maandishi mekundu.

Juzi niliichukua leso kwenda kuifua. Nilipoinua, nikaona nijaribu tu kuchomeka mashine kwenye stima. Iliunguruma kidogo, ikajipasha joto hadi 37, ikawasha kioo, ikaniuliza nambari ya mgonjwa.

Wenu katika kazi,

Mtaalamu wa maabara, zamu ya usiku
Nairobi